Nataka kufungua kliniki ya wagonjwa wa kudumu: daktari, fizio, lishe, mshauri nasaha, wote paa moja. Nianzie wapi?

MamaKihonda aliandika:

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo, na naomba mniambie ukweli hata kama unauma, maana pesa yenyewe ni mafao ya marehemu baba na nyumba ni yake pia, nikiiteketeza ndugu zangu hawataniacha salama.

Mimi ni nesi, miaka 12 kazini, 7 kati ya hiyo nimekaa kliniki ya sukari na presha hospitali ya serikali. Niko Morogoro. Kilichonisukuma ni baba yangu mdogo. Mzee ana sukari, ana presha, magoti yamechoka na macho yameanza kumsumbua, kwa hiyo alikuwa anahudhuria sehemu nne, kila sehemu na daftari lake, na madaftari yote anatembea nayo kwenye kile kimfuko cha rambo cha zamani ambacho serikali ilishapiga marufuku tangu 2019 ila yeye kakitunza kama hati ya kiwanja. Mwaka jana akaanguka bafuni. Nilipofika nikamwaga dawa zake kitandani nikahesabu aina 11. Humo ndani kuna amlodipine ya daktari mmoja na nifedipine ya daktari mwingine, yaani dawa za ukoo mmoja, anameza zote, miguu imevimba afu akisimama tu presha inashuka anaona giza. Kule kwa magoti anapewa diclofenac kila mwezi wakati karatasi ya maabara ya kliniki ya sukari inaonyesha kabisa creatinine imepanda, figo zinaomba msaada. Ukimfuata daktari mmoja mmoja huwezi hata kumlaumu, kila mtu alitibu kipande chake. Mzee mzima ndio hakuwa na mtu.

Basi wazo likaja. Nyumba ipo Kihonda, barabarani, vyumba sita. Mdogo wangu ni fizio, kasoma KCMC. Rafiki yangu kamaliza lishe pale SUA. Kuna bingwa wa magonjwa ya ndani kakubali kuja Jumamosi mbili kwa mwezi. Mpango wangu ni chumba cha daktari, cha fizio, cha lishe, cha mshauri nasaha, maabara ndogo na dirisha la dawa. Kule uani nimefikiria masaji, mtu wa tiba asili, sehemu ya mazoezi na kimgahawa cha chakula cha afya. Mgonjwa anaingia asubuhi anatoka kamaliza kila kitu, ile wanayoita holistiki, kumwangalia mtu mzima mzima sio kipande kipande.

Naulizia vibali, naulizia mapato, na kubwa zaidi, hivi watu wetu hawa watalipia kuongea na mshauri au mtu wa lishe? Maana najua tulivyo, bila sindano mtu anaona hajatibiwa.

kinyozi_mstaafu alijibu:

Kimgahawa weka dada, mimi ntakuja kula tu hata kama siumwi 😂

dokta_wa_kota alijibu:

MamaKihonda hongera kwa wazo, sasa ngoja nikuvunje moyo kidogo.

Niliwahi kufanya kazi kwenye kliniki ya hivyo hivyo Dar, jina naliacha. Majengo mazuri, viyoyozi, ukutani picha za matunda. Fizio alikuwepo, lishe alikuwepo, dada wa saikolojia alikuwepo, wote mshahara wa mwezi. Fizio anapata wagonjwa watatu kwa siku, yule dada wa saikolojia ikifika Ijumaa anakuwa kaona wawili wiki nzima, na mwisho wa mwezi mshahara hauulizi uliona wangapi. Miezi 14 tukafunga. Kwa hiyo la kwanza, usiajiri mtu wa kudumu kwa kazi ya siku moja. Fizio aje Jumanne na Alhamisi, lishe aje siku moja, uwalipe kwa siku waliyokuja, wajae taratibu.

Ila hiyo sio iliyotuua, hiyo ilitumalizia tu. Kulikuwa na mama mmoja moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, miguu imejaa maji, mimi nimemwandikia apunguze maji ya kunywa. Akatoka kwangu akaingia chumba cha pili kwa lishe, akaambiwa anywe maji mengi yanasafisha mwili. Akaingia chumba cha tatu, fizio akampangia kutembea nusu saa kila siku wakati mimi nimemwambia apumzike mpaka uvimbe upungue. Ukuta na ukuta jamani! Tulikuwa na mafaili matatu ya mtu mmoja ndani ya nyumba moja. Tofauti yetu na baba yako mdogo ni kwamba yeye angalau alikuwa na rambo, madaftari yote yalikaa pamoja.

Kwa hiyo unaponiambia vyumba sita mimi sishtuki wala sifurahi. Niambie ni saa ngapi kwa wiki hao watu sita wanakaa meza moja na kumjadili mgonjwa kwa jina lake, huyu mguu vipi, huyu mbona hajaja, huyu nani kambadilishia dawa. Saa hiyo haina anayeilipia, bima hailipi, mgonjwa halipi, na ndiyo kliniki yenyewe. Ukiikosa hiyo umejenga soko, kila mtu na meza yake.

Vibali: kabla hujapaka hata rangi nenda ofisi ya mganga mkuu wa wilaya au manispaa, uulize ngazi gani unaweza kusajili na kila ngazi inataka mganga mfawidhi wa aina gani, maana hapo ndipo wengi wanakwama, wewe kuwa nesi na kumiliki jengo ni jambo moja, nani anawajibika kitabibu ni jingine. Vituo binafsi vinapitia Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, maabara ina bodi yake, dirisha la dawa lina Baraza la Famasi, na ukija na mashine ya X-ray Tume ya Nguvu za Atomiki watakutembelea. Usianze na X-ray. Usianze na maabara kubwa pia, anza na vipimo vya haraka, vingine uingie makubaliano na maabara ya jirani.

Bima: mnakumbuka Machi 2024 hospitali binafsi zilivyogomea kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya kitita kipya, ile orodha ya huduma na bei zake. Zilirudi, lakini somo lilibaki. Usipige hesabu ya hela ya bima kwa huduma yoyote mpaka umeiona kwa macho yako imeandikwa kwenye kitita na bei yake, afu weka akiba ya miezi kadhaa maana madai hayalipwi kesho yake.

Bi Mkubwa wa Mafiga alijibu:

Mwanangu MamaKihonda mimi si mtaalamu ila ni mgonjwa, sukari mwaka wa 16 na baridi yabisi ile inayokunja vidole mwaka wa 9, kwa hiyo kwenye kuumwa nina digrii. Naandikiwa na mjukuu, mimi nasema yeye anabofya.

Usinijengee masaji. Nikija kliniki nataka vitu vichache. Nataka tarehe moja, sio Jumatatu sukari, Jumatano vidole, mwezi ujao macho, kila siku nauli na kila siku nimwombe mtu abaki na duka. Nataka nisisimulie upya. Kila nikifika nakuta kijana mpya anauliza mama unasumbuliwa na nini, naanza tangu mwaka 2009, nikifika katikati muda umeisha ananiandikia dawa zile zile. Na nataka namba ya simu moja ambayo nikipiga mtu anapokea ananijua, maana sukari haishuki saa za kazi, inashuka saa tisa usiku.

Huyo mtu wa lishe naye mwambie aje kwanza tumpikie. Mwaka juzi binti mmoja mzuri tu kaniambia nile shayiri na tufaa. Tufaa mwanangu! Nauza maandazi mimi. Mwingine akaniambia ugali wa dona kula tu hauna shida, nikala mlima, sukari ikagonga 18. Hakuna aliyeniambia kwamba dona nayo ni ugali, kinachotakiwa ni kupunguza lile tonge na kuongeza mboga. Nililijua siku niliyopima mwenyewe nyumbani baada ya kula.

Na jambo jingine msilisahau. Mimi nafunga. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia naogopa kumwambia daktari maana atanikatalia moja kwa moja, basi sisemi, nafunga kimyakimya nameza vidonge nilivyoona mwenyewe vinafaa. Mwaka mmoja nilizimia saa kumi jioni futari iko jikoni. Kama kliniki yako itakuwa na mtu wa kukaa na mimi mwezi mmoja kabla tukapanga dawa za futari na za daku, na nikajua nikishuka chini ya kiwango gani nifungue bila kujilaumu, hiyo nalipia. Hata kwa shilingi za maandazi nalipia.

MamaKihonda alijibu:

Shikamoo Bi Mkubwa. Umenifanya nilie na nicheke kwa pamoja. Hilo la Ramadhani miaka 7 kliniki sijawahi kumuuliza mgonjwa hata mmoja, tulikuwa tunasubiri waseme wenyewe.

dokta_wa_kota asante, hiyo ya ukuta na ukuta imeniingia. Lakini sasa hiyo saa moja ya kikao daktari bingwa atakubali kweli? Jumamosi mbili zenyewe kazitoa kwa mbinde.

nesi_wa_sitisii alijibu:

Dada mbona unatafuta mfano mbali wakati tunao ndani? Mimi niko CTC, kliniki ya wenye HIV, tangu zile siku za mwanzo, dawa za ARV zilipoanza kutolewa bure kitaifa 2004. Watu walisema haitawezekana, ugonjwa wa maisha yote kwenye nchi ambayo hata panado inaisha. Ikawezekana, na haikuwezekana kwa sababu ya madaktari bingwa.

Angalia tulivyofanya. Mgonjwa ana kadi yake anatembea nayo na sisi tuna ya kwetu kituoni, namba moja, mtu akihamia Mwanza anapokelewa na historia yake. Kila siku jioni tunatoa orodha ya waliotakiwa kuja hawakuja, kesho yake simu, asipopokea mhudumu wa jamii anakwenda mpaka nyumbani. Mgonjwa anakuja na mtu wake wa karibu anayemsaidia kukumbuka dawa, huyo mtu tunamfundisha naye. Na mshauri wetu mzuri kuliko wote alikuwa mama ambaye yeye mwenyewe anatumia dawa, huyo akiongea watu wanasikiliza, mimi nikiongea wananiangalia sare. Aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu mpaka sita aende zake, foleni inabaki kwa wenye shida.

Sasa nenda kliniki ya sukari ya jengo lile lile. Mgonjwa wa sukari akipotea mwaka mzima hakuna anayejua, anarudi mguu umeoza. Inaniuma sana hii kitu. Mara mbili nimeona mgonjwa wangu wa CTC virusi havionekani kabisa kwenye kipimo, kafa kwa presha ambayo tulikuwa hatumpimi.

Kwa hiyo bingwa mwache aje Jumamosi zake mbili aone wale wagumu tu. Kliniki ishikwe na manesi. Rwanda wamefanya hivyo hospitali za wilaya, nesi aliyefundishwa anashika wagonjwa wa moyo, sukari ya insulini, presha kali, daktari anakuja kusimamia, walianza na sehemu kama Rwinkwavu huko vijijini sio Kigali. Wewe ni nesi wa miaka 7 kliniki ya sukari, wewe ndio mtaji, sio nyumba.

Mdau wa Eldoret alijibu:

Naingilia kutoka upande wa Kenya. Huyu nesi amesema kweli. Hapa kwetu Eldoret mpango wa AMPATH ulianza 2001 na mambo ya HIV, baadaye wakaona mtu haishi na HIV peke yake, ana presha, ana sukari, na zaidi ya yote hana pesa, sasa wakapanua. Kitu kimoja walijaribu na mimi nilipenda sana, waliunganisha kliniki na chama. Watu wa presha na sukari wa kijiji kimoja wanakutana, wanapimwa, wanaongea na mhudumu, na hapo hapo wanaweka akiba na kukopeshana. Mtu anaweza kosa kliniki juu ya nauli lakini mkutano wa chama hakosi, zamu yake ya kupewa pesa iko karibu 😄

Na kule Kibera MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka, walikuwa na vikundi ambapo wagonjwa wametulia wa HIV, presha na sukari wanakaa kikundi kimoja wanachukua dawa pamoja. Unyanyapaa unapungua juu hakuna anayejua nani ni wa nini.

Ushauri wangu ni mmoja, ile sehemu ya uani unataka kuweka mgahawa weka mabenchi na mwembe.

mchambuzi_hewa alijibu:

Mimi nina tatizo na hili neno lenu la holistiki. Kila anayelitumia mjini anauza virutubisho. Unapelekwa kwenye kiofisi ghorofani, unashikishwa kijiti cha chuma kimeunganishwa na kompyuta, dakika moja mashine inakutolea kurasa 40, ini lako limechoka, damu yako ina asidi, kongosho linahitaji mapumziko, dawa ni kopo la laki mbili na nusu. Mama yangu mkubwa aliacha insulini kwa sababu ya kopo. Tukamzika. MamaKihonda na huo uani wako wa masaji na tiba asili, niambie utatofautiana nao wapi?

MamaKihonda alijibu:

Pole sana ndugu. Swali la haki kabisa. Tiba asili niliiweka kwa sababu wagonjwa wanatumia tutake tusitake, nikaona bora itumike mbele ya macho yetu.

mchambuzi_hewa alijibu:

Bora itumike mbele ya macho yenu na mkiipokelea risiti sio?

dokta_wa_kota alijibu:

Taratibu mkuu, hata kama ukweli unauma. Neno lenyewe halina kosa, waliolishika vizuri ni watu wa tiba shufaa, wale wanaotuliza mateso ya wagonjwa wa magonjwa mazito. Cicely Saunders alipofungua hospisi yake London 1967 alikuwa anasema maumivu ya mgonjwa hayako mwilini tu, yako akilini, yako kwenye familia na pesa, yako rohoni, ukitibu moja ukaacha matatu mgonjwa bado anaumwa. Anne Merriman akayaleta hayo Kampala 1993, Hospice Africa Uganda, na hakuja na kopo, alikuja na morfini ya maji inayochanganywa kutoka kwenye unga, bei rahisi kabisa, na baadaye Uganda wakaruhusu manesi waliofundishwa kuiandika. Hiyo ndiyo holistiki, dawa inayofanya kazi kwanza, halafu unauliza nani anamlea mwanao ukiwa umelala hapa.

Kuhusu mtu wa tiba asili, kisheria wapo na wana baraza lao tangu sheria ya 2002, lakini ushauri wangu usimweke. Badala yake kwenye faili lako weka mstari mmoja: mama, kando ya hizi dawa zetu unatumia nini kingine? Uulize bila kukunja uso. Ukikunja uso mara moja hutaambiwa ukweli tena. Nina mgonjwa alikuwa anakunywa mlonge, mdalasini na vidonge vyangu, sukari inashuka mpaka anatetemeka, mimi napandisha na kushusha dozi kama mjinga miezi minne mpaka binti yake akaropoka.

fizio_wa_mtaa alijibu:

Nimesoma wote hapa nasubiri mtu ataje fizio vizuri, mnatutaja kama mapambo lol.

MamaKihonda, huyo mdogo wako usimfungie chumbani na mashine ya umeme ya kukandia mgongo. Mtu wa sukari tunamhitaji kwenye miguu. Kuna kale kauzi ka plastiki ka gramu 10, monofilamenti, unamgusa nyayo macho kafumba, asipokisikia ujue huyo msumari ukimchoma hajui, kiatu kikimkwangua hajui. Dakika tatu tu. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar na wenzake kwenye mradi wao wa Step by Step walikuwa wanafundisha watu wa vituo kwa jozi, daktari na nesi wa kituo kimoja wanakuja pamoja wanaondoka pamoja, ili wakirudi kazini asiwepo mmoja anayejua na mwingine anayepuuza. Hiyo ya jozi ichukue kama ilivyo. Mdogo wako na wewe mkae chumba kimoja siku za miguu.

Na hao wenye baridi yabisi kama Bi Mkubwa, mazoezi ya vidole wafundishwe na yatokane na kazi yao. Mimi huwa nawaambia wakande unga. Kumbe kuna wanaokanda kila siku hahaha.

Kuhusu mshauri nasaha kwamba watu hawalipii, ni kweli hawalipii, kwa hiyo usiuze. Zimbabwe yule daktari wa akili Dixon Chibanda alianza 2006 hana vyumba wala wataalamu, akachukua mabibi wa mtaani akawafundisha, akawaweka kwenye benchi nje ya kliniki. Wao huko wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupitiliza, mabibi wakatumia neno hilo hilo badala ya majina ya hospitali. Wakafanya utafiti wa kulinganisha, ukatoka 2016, waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko wale wa huduma ya kawaida. Sisi bibi tunao, hata kwenye huu uzi yupo mmoja.

Bi Mkubwa wa Mafiga alijibu:

Mjukuu kanisomea. Benchi nakaa, ila nisilipwe kwa maneno matamu.

nesi_wa_sitisii alijibu:

Nyongeza ndogo. Msije mkafungua grupu la WhatsApp la wagonjwa wote afu mkawa mnarusha majibu ya vipimo humo. Nimeona. Sheria ya taarifa binafsi ipo tangu 2022, na hata isingekuwepo, aibu ipo.

Pia kila mgonjwa wa sukari anayekohoa zaidi ya wiki mbili mpime TB, sukari inaongeza uwezekano wa TB mara mbili hadi tatu. Hao nao huwa wanaanguka katikati ya kliniki mbili.

kinyozi_mstaafu alijibu:

Sasa mimi kimgahawa changu kimepotelea wapi kwenye haya mazungumzo

MamaKihonda alijibu:

Wakuu nimekaa na huu uzi siku nne, nimewasomea mdogo wangu na yule rafiki wa lishe, jana usiku tumebishana mpaka saa sita. Naweka hapa tulipofika mnikosoe.

Vyumba vitatu badala ya sita, vingine nimepangisha, kodi yake italipa umeme na mtu wa usafi. Mgahawa, masaji na tiba asili vimefutwa (kinyozi samahani kaka). Tunaanza na sukari na presha tu, siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, wagonjwa 30 wa kwanza hatuongezi mpaka tuone hao hawapotei. Faili ni moja, la karatasi, ukurasa wa mbele kabisa ni orodha ya dawa zote na nani kaandika, pamoja na za kienyeji, na kila ziara mgonjwa anamwaga dawa mezani kama nilivyofanya kwa mzee wangu. Lishe atafanya kazi ya kwanza kwenda sokoni Mawenzi na kwa wagonjwa watano nyumbani aone sufuria zao. Miguu ni mimi na mdogo wangu chumba kimoja. Mwezi mmoja na nusu kabla ya Ramadhani kila Muislamu anaulizwa, na Kwaresima tumeongeza pia maana kumbe rafiki yangu wa lishe mama yake hufunga ile ya siku 40 na ana presha.

Kikao ni Alhamisi saa nane mchana, mlango umefungwa, chai ipo. Bingwa nimeongea naye, kasema Jumamosi haongezi hata dakika ila Alhamisi atapokea simu kwa nusu saa tukiwa na orodha ya majina tayari. Nimekubali. Na kwa ndugu tumeandikiana kabisa kwamba mwaka wa kwanza hakuna anayedai faida.

Jumatatu naenda kwa mganga mkuu kuuliza ngazi na mganga mfawidhi kabla sijagusa rangi. Nimebakiwa na swali moja la dokta, ukurasa wa mbele wa dawa, mkibadilisha dozi mlikuwa mnakata kwa kalamu nyekundu au mnaandika ukurasa mpya?

dokta_wa_kota alijibu:

Ukurasa mpya kila mabadiliko, wa zamani unabaki nyuma yake na tarehe. Kalamu nyekundu baada ya mwaka hakuna anayesoma kitu. Na nakala ya ukurasa huo apewe mgonjwa, aiweke kwenye rambo lake.

Wagonjwa 30 ni wachache kibiashara, ujue hilo, ila nakuunga mkono.

Bi Mkubwa wa Mafiga alijibu:

Mimi niandike namba moja. Swali langu, choo chenu ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Magoti haya hayachuchumai, na dawa ya presha inakojoza.

MamaKihonda alijibu:

Cha kuchuchumaa mama. Viwili, vyote vya kuchuchumaa. Jamani miezi mitano napanga hii kitu na hakuna aliyeliona hilo. Namtafuta fundi kesho.